Seva ikae dukani, ivuke Dar au iwe klaudi? Ulinganisho kwa biashara za Unguja na Pemba

Mwenye kituo cha data atakuja na maneno yake: upatikanaji wa asilimia 99.9, N+1, daraja la tatu. Muuzaji wa klaudi, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, ana yake. Fundi wa mtaani atakwambia nunua seva nzuri (kompyuta kuu inayotunza data ya biashara) na UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika), kazi imekwisha. Huenda wote wanasema kweli, lakini kila mmoja anajibu swali alilojiuliza mwenyewe. Swali lako wewe mwenye duka la jumla Darajani, hoteli Paje au chama cha akiba na mikopo Chake Chake lina vipande viwili, na ni bora uwe na majibu kabla ya kumkaribisha yeyote kati yao.

Kipande cha kwanza: mashine ikifa sasa hivi, uko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Kwenye mikataba utaiona kama RPO. Nakala ya mwisho ikiwa ilichukuliwa saa 6 usiku na diski ikafa saa 10 jioni, mauzo ya saa 16 hayapo tena. Kama daftari la risiti lipo na mtu wa kuyaingiza upya yupo, saa 16 zinavumilika. Kama ni amana za wanachama, hazivumiliki hata dakika 10.

Cha pili: unaweza kukaa umefunga kwa muda gani? Hii ni RTO, na inahesabiwa tangu kuzimika hadi mtu wa kaunta anatoa risiti tena, si hadi fundi anaposema "imewaka". Ndani yake mna muda wa kugundua tatizo, kumpata fundi, kipuri kuvuka na boti kutoka Dar, kurudisha data na kuijaribu. Na haiko sawa mwaka mzima. Duka la nguo linaloweza kuvumilia siku moja mwezi wa Februari halivumilii saa moja katika kumi la mwisho la Ramadhani. Chagua kwa siku mbaya.

Asilimia zinavyodanganya bila kusema uongo

Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99 ya upatikanaji inaruhusu kuzimika saa 87.6, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 inaruhusu karibu saa 9, 99.99 dakika 53 hivi. Mikataba mingi haihesabu matengenezo yaliyotangazwa mapema, na fidia yake huwa punguzo la ada ya mwezi. Mauzo uliyokosa hayamo.

Kubwa zaidi ni kwamba vitu vilivyofuatana kwenye mnyororo mmoja huzidishwa. Tuseme umeme wako unapatikana kwa asilimia 99.5, intaneti 99.5 na seva 99.9. Ukizizidisha unapata 98.9, sawa na siku nne nzima za kufungwa kwa mwaka, ingawa hakuna hata kimoja kilichoonekana kibovu. Vitu vilivyo sambamba hesabu yake hugeuka: njia mbili za intaneti za asilimia 99 kila moja, zikiwa hazina uhusiano wowote, hufikisha 99.99. Uzito wote uko kwenye sharti hilo la kutokuwa na uhusiano. Faiba mbili zilizolala kwenye mtaro mmoja ni njia moja yenye bili mbili.

Visiwani somo hili tulilipata kwa umeme. Hadi 2013 Unguja ilitegemea kebo moja ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei hadi Juni 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Mwaka 2013 ikaongezwa kebo ya pili ya megawati 100. Pemba ilipata yake kutoka upande wa Tanga mwaka 2010, kabla ya hapo ilikuwa ya jenereta. Kwa hiyo kebo ya Fumba ikiharibika, Pemba inaendelea kuwaka. Lakini gridi ya taifa ikianguka, vinazima visiwa vyote viwili. Kaa na tofauti hiyo, tutairudia.

Chaguo la kwanza: seva hapo hapo ulipo

Faida yake ni kasi, na hilo si jambo dogo. Programu nyingi za mauzo na mapokezi ziliundwa kwa mtandao wa ndani, na kila ukurasa unauliza hifadhidata maswali mengi madogo madogo. Chukua ripoti inayouliza mara 300. Kwenye swichi ya mtandao ya dukani, jibu likija kwa milisekunde 1, ripoti inafunguka chini ya nusu sekunde. Seva ikiwa Dar na jibu likichukua milisekunde 5, ni sekunde moja na nusu. Ikiwa kwenye klaudi ya Afrika Kusini kwa milisekunde 60, ni sekunde 18, na mteja amesimama mbele ya kaunta. Watu hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na wala hakisaidii, kwa sababu tatizo ni umbali, si upana wa njia.

Hasara ni kwamba umeme, baridi, kutu na ulinzi vyote vinakuwa mzigo wako. Tuanze na UPS, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ziko za aina tatu. Ya kusubiri hupitisha umeme wa shirika kama ulivyo na kuingia betri umeme ukikatika. Inafaa kompyuta moja ya kaunta. Ya kurekebisha volti ina transfoma ndani inayopandisha au kushusha volti bila kugusa betri, na hubadili kwa milisekunde chache. Hiyo ndiyo saizi ya duka. Ya kugeuza muda wote (kwa Kiingereza online, haihusiani na intaneti) hugeuza umeme kuwa wa betri kisha kuurudisha, hivyo seva haioni kukatika kabisa. Ni ghali, inatoa joto, ila kwa chama cha akiba au hoteli kubwa ndiyo yenyewe.

Angalia wati, si VA. UPS iliyoandikwa 1500 VA inaweza kuwa ya wati 900 au 1350 kutegemea kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya VA inayokuwa wati kweli. Jumlisha mzigo: seva wati 350, diski za nakala 50, swichi 60, ruta 20, jumla 480. UPS ya 1500 VA yenye betri mbili za volti 12 na ampea-saa 9 itabeba mzigo huo dakika 10 hadi 13 betri zikiwa mpya. Muda huo ni wa kuzima seva kwa utaratibu au kungoja jenereta, si wa kufanyia kazi. Unganisha waya wa USB kutoka UPS hadi seva na uweke seva ijizime yenyewe betri ikibaki robo. Wengi huuacha waya huo ndani ya boksi. Betri hizi za risasi hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Chumba kisicho na kiyoyozi Unguja kinaua betri ya miaka minne kwa miaka miwili.

Halafu kuna ugonjwa ambao mafundi huuona kila mara: jenereta inawaka, taa zote zinawaka, lakini UPS inalia na betri inaisha. Jenereta ndogo haishiki vizuri mzunguko wa umeme wa hezi 50, UPS inaukataa umeme wake na kubaki kwenye betri hadi mwisho. Tiba yake ni kushusha usikivu wa UPS kwenye mipangilio, kuhakikisha jenereta ina kidhibiti cha volti kinachofanya kazi, na kununua jenereta yenye uwezo angalau mara moja na nusu hadi mbili ya UPS. Chenjiova (swichi ya kuhama kutoka umeme wa shirika kwenda jenereta) ya mkono inatosha kama kuna mtu saa zote. Kama hakuna, ya kujiendesha huwasha jenereta ndani ya sekunde 10 hadi 15.

Na usicheke: seva nyingi zimezimika kwa sababu uniti za TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) zimekwisha usiku wa Jumapili. Chumba cha seva kiwe na mita yake, na mtu mmoja awe na jukumu la kuisoma kila Alhamisi.

Baridi. Hewa inayoingia mbele ya seva inatakiwa iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Wati 480 ni kama BTU 1,640 kwa saa, kiyoyozi kidogo cha 9,000 kinatosha na kubaki. Lakini weka viwili vinavyopokezana, maana kimoja kikifa usiku chumba kidogo kilichofungwa hupanda joto upesi. Hii ndiyo maana ya N+1: N ni idadi unayohitaji, moja ni ya akiba. 2N ni seti mbili kamili, kila moja na saketi yake ya umeme. Usiweke kiyoyozi juu ya raki (fremu inayobeba seva), siku bomba la maji likiziba matone yataingia kwenye seva. Wala usifungue dirisha kiyoyozi kikiwaka: hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, ikikutana na chuma baridi inatoa jasho, na jasho la chumvi hula pini za memori. Nungwi na Paje, kizimba cha nje cha kiyoyozi kiwe nyuma ya jengo, si upande wa bahari.

Waya wa ethi nao upimwe kwa kifaa chake. Kwenye ardhi ya mawe kama Makunduchi au Nungwi fimbo moja haishuki vya kutosha. Ongeza fimbo, ziunganishe, pima tena hadi ipungue chini ya omu 5. Radi za masika hazisamehe.

Chaguo la pili: kukodi nafasi kwenye kituo cha data Dar

Seva ni yako, nyumba ni yao. Unalipia nafasi kwa U (U moja ni milimita 44.45, raki ya kawaida ina 42), umeme kwa ampea au kilowati, na kazi ya fundi wao kwa saa pale unapohitaji mtu abonyeze kitu.

Madaraja yanayotajwa ni ya Uptime Institute, nne. La kwanza lina njia moja ya umeme na baridi bila akiba. La pili lina mashine za akiba. La tatu huruhusu kutoa sehemu yoyote kwa matengenezo bila kuzima seva. La nne hustahimili hitilafu ya ghafla mahali popote bila wateja kuhisi. Uliza cheti, kisha uliza ni cheti cha nini: cha michoro na cha jengo lililokwisha kujengwa ni vyeti viwili tofauti, na wapo wanaoonyesha cha kwanza wakiwa hawana cha pili. Kwa biashara ya kawaida ya visiwani, la tatu linatosha. La nne ni pesa unayolipia mfuniko juu ya mfuniko.

Seva iwe na pawa saplai mbili, moja kwenye njia ya umeme ya upande A na nyingine upande B. Kosa linalojirudia ni kupakia kila upande asilimia 60 au 70. Upande mmoja ukizimika, mzigo wote unahamia wa pili, sakiti breka inaruka, na sasa zimezimika zote mbili. Usivuke nusu. Nunua pia seva yenye mlango wa usimamizi wa mbali unaoweza kuiwasha na kuona skrini yake ukiwa Unguja. Bila huo, siku itakayoganda utapanda boti kwenda kubonyeza kitufe.

Umbali ni mdogo, kama kilomita 70. Mwanga ndani ya faiba hukata hizo kwenda na kurudi chini ya milisekunde moja. Kinachoongezeka ni vifaa vya njiani. Ndiyo maana Unguja na Dar zinaweza kuandikiana data papo hapo: muamala haukubaliwi hadi uandikwe pande zote mbili, RPO yake sifuri. Ukijaribu hivyo na Afrika Kusini, kila muamala utangoja.

Chaguo la tatu: klaudi

Hapa hununui mashine, unakodi uwezo. Kampuni kubwa tatu zina vituo Afrika Kusini: Microsoft tangu 2019, AWS Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024. Unaanza leo bila mtaji, unaongeza msimu wa Julai na Agosti, unapunguza Aprili hoteli zikifunga kwa masika. Bili ni ya dola, na data inayotoka hulipiwa, jambo linalowashangaza wengi siku ya kurudisha nakala.

Njia ya kufika huko ni kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyumba. Siku kama hiyo mwenye seva Dar anaendelea kufanya kazi, kwa kuwa njia ya Unguja hadi Dar haipiti huko. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Nakala za pasi za wageni wa hoteli ni taarifa binafsi. Muulize mwanasheria kabla, si baada.

Yote matatu yakipangwa pamoja yanaonekana hivi:

| | Hapo ulipo | Dar | Klaudi |
|---|---|---|---|
| Mtaji wa mwanzo | mkubwa | wa kati | mdogo |
| Umeme na baridi | juu yako | juu yao | juu yao |
| Intaneti ikikatika | kazi ya ndani inaendelea | umesimama | umesimama |
| Kebo za kimataifa zikikatika | haikuhusu | haikuhusu | umeyumba |
| Moto au mafuriko kwako | umepoteza vyote | data ipo | data ipo |

Njia ya intaneti

Mstari wa tatu wa jedwali ndio unaoamua. Ukihamisha seva, intaneti inakuwa mshipa. Chukua faiba kwa kampuni moja na redio au 4G kwa nyingine, lakini uliza kwa maandishi zinapita wapi, maana kampuni mbili zinaweza kukodi faiba ileile. Setilaiti ya zamani iliyo kilomita 35,786 juu huchelewesha zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Kwa barua pepe sawa, kwa programu ya mauzo ni mateso.

Ruta yenye njia mbili iwekwe kupima anwani iliyo mbali, si kifaa cha kampuni kilichopo ukutani. Taa ya kifaa hicho hubaki kijani hata njia ikiwa imekufa Dar, na ruta ikiitazama taa hiyo haitahama kamwe. Kumbuka pia kwamba kabati la kampuni mtaani kwako na mnara wa simu vina betri za saa chache. Jenereta yako inaweza kuunguruma siku nzima na intaneti isiwepo.

Mji Mkongwe una masharti yake. Kuta nene za mawe na chokaa humeza Wi-Fi, hivyo vuta waya kila ghorofa na uweke kisambazaji kila upande. Kabla ya kutoboa ukuta au kuinua mlingoti juu ya dari, pata kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Nakala rudufu, na kituo cha akiba

Diski mbili zinazoandika kitu kimoja si nakala. Mtu akifuta faili, linafutika kote. Kanuni inayotumika ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Na moja isiyoweza kufutwa kwa mtandao, kwa ajili ya virusi vinavyofunga data na kudai fidia.

Kisha piga hesabu ya kurudisha. Data ya gigabaiti 200 kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa 22, njia ikiwa imejaa na haikatiki. Aliyekwambia "data yako iko salama klaudi" hakukwambia hilo. Gigabaiti moja ni gigabiti nane, na hapo ndipo makadirio ya watu huanguka mara nane. Kwa hiyo weka nakala ya karibu kwenye diski iliyo jengo jingine, na ya mbali kwa siku jengo lenyewe halipo.

Kituo cha akiba kinaweza kuwa baridi (chumba na umeme tu, unapeleka vifaa), vuguvugu (vifaa vipo, data ya jana) au moto (kinafanya kazi sambamba). Bei hupanda kwa kila hatua. Watu wa Unguja husahau Pemba. Ofisi ya tawi Wete au Chake Chake, yenye seva ndogo na kebo ya umeme isiyopita Fumba, ni kituo vuguvugu kizuri kwa gharama ya chumba. Haitakuokoa gridi yote ikizima, kwa hiyo nayo iwe na jenereta: ndogo inayokula lita 2 kwa saa itahitaji lita 144 kwa siku tatu.

Tungechagua nini

Duka la jumla Darajani: seva ibaki dukani, UPS ya kurekebisha volti, nakala kila saa moja kwenye diski ya nyumbani au ghala, na ya usiku klaudi. Kuihamisha ni kujitafutia foleni kaunta.

Hoteli ya vyumba 60 Paje: nafasi za vyumba na malipo viwe klaudi, kwa programu iliyoundwa kwa kivinjari tangu mwanzo, kwani wageni wanaweka nafasi wakiwa Ulaya wakati wewe umelala. Mapokezi wachapishe orodha ya wageni na vyumba kila saa 12 jioni. Karatasi hiyo ndiyo RTO ya bei nafuu kuliko zote.

Chama cha akiba na mikopo Chake Chake: seva kuu kituo cha data Dar, ya pili ofisini Pemba ikipokea kila muamala, njia mbili za intaneti za kampuni tofauti. Ni ghali, lakini amana si mali yako.

Mara mbili kwa mwaka, siku ya kazi nyepesi, zima sakiti breka kuu na uandike saa. Usimwambie fundi mapema. Andika UPS ilibeba dakika ngapi, jenereta iliwaka baada ya muda gani, nani alipigiwa simu na alishika au la, risiti ya kwanza ilitoka saa ngapi. Kila mwezi rudisha faili moja kutoka kwenye nakala na ulifungue. Na nywila za seva, namba za mikataba na simu za mafundi ziandikwe kwenye karatasi, bahasha ifungwe, iwekwe kwenye sefu. Wengi wameziweka ndani ya seva ileile iliyokufa.